Muziki wa matangazo na viashirio: uza ruhusa, baki na wimbo wako

Ukifungua redio saa mbili kamili usiku, kabla hujaisikia sauti ya msomaji wa habari unasikia muziki. Sekunde chache tu, na tayari umejua ni kituo gani na ni kipindi gani. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliitambua taarifa ya habari kwa mdundo wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Walioujua mdundo ule ni wengi kuliko waliojua jina la aliyeupiga.

Hiyo ndiyo hali ya muziki wa aina hii. Husikika kila siku, lakini mtunzi wake hatajwi. Kwa kuwa hatajwi, kinachomlinda si umaarufu wake bali karatasi aliyoisaini. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa vijana wenye studio ndogo za Kasulu, Kibondo na wilaya jirani, na kwa wale wanaowapa kazi.

Ni muziki gani huu?

Ni muziki unaotungwa ili utumike ndani ya kitu kingine: kiashirio cha kipindi, jingo la tangazo la biashara, muziki wa chini ya maelezo ya filamu, igizo la redio, video ya shirika au mafunzo ya afya. Msikilizaji haununui. Anayeununua ni mtengenezaji wa kipindi au tangazo, na anachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuutumia.

Biashara hii ni ya zamani. Kampuni ya De Wolfe ya London ilianza mwaka 1909, enzi za sinema zisizo na sauti, ikitoa muziki wa kupigwa kwenye majumba ya sinema wakati picha inaonyeshwa. Baadaye zikaja kampuni nyingine zenye maktaba za nyimbo zilizorekodiwa tayari, ambazo mteja anachagua, analipa na kutumia. Wimbo mmoja wa maktaba unaweza kwenda mbali sana. Mfano ni "Heavy Action" wa Mwingereza Johnny Pearson, uliotumika katika kipindi cha michezo cha BBC na pia ukawa kiashirio cha matangazo ya mpira wa Kimarekani ya Jumatatu usiku kule Marekani. Utunzi ulikuwa mmoja, watumiaji wawili, na kila mmoja alihitaji ruhusa yake.

Wateja wako wapi hapa kwetu?

Nyanda za juu za Kigoma zina mahitaji kuliko mtu anavyodhani. Wa kwanza ni vituo vya redio. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, imekuwa ikisikilizwa hadi Kibondo na Kasulu, na redio nyingine za kijamii zimeongezeka mkoani. Kila kipindi kinahitaji kiashirio chake.

Wa pili ni mashirika. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilipokea tena wakimbizi wa Burundi kuanzia mwaka 2015. Shughuli za namna hiyo huja na vipindi vya elimu, matangazo ya chanjo, maigizo na video za kuonyesha kazi iliyofanyika. Watu wanaolengwa husikia Kiha, Kirundi na Kiswahili, na muziki wa kuchukua tu mtandaoni mara nyingi haufanani nao kabisa.

Wa tatu ni wafanyabiashara: maduka ya pembejeo, maduka ya dawa, wenye mabasi, shule binafsi na kumbi za sherehe. Wa nne ni wapiga video wa harusi na wa matukio, ambao video zao siku hizi zinapandishwa YouTube. Huko mfumo wa Content ID hukagua sauti na kuutambua muziki wa mtu mwingine. Mwenye video ya kibiashara anaweza kuona mapato ya video yake yanakwenda kwa mwenye wimbo, au video inazuiwa. Kwa mtu kama huyo, muziki wenye leseni safi ni kinga.

Kinachouzwa ni ruhusa

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Kijana anatengeneza jingo la sekunde 30, analipwa mkononi, anatuma faili kwa WhatsApp, na hapo mazungumzo yanaisha. Hakuna aliyesema kama mteja amenunua wimbo wote au matumizi ya mwezi mmoja. Miaka mitatu baadaye jingo bado linapigwa, limeingia kwenye video, na huenda limepewa tawi la biashara katika mkoa mwingine. Mtunzi akidai, mteja anajibu, "Si nilishakulipa?" Wote wawili wanaamini wanasema kweli, kwa sababu hapakuwa na maandishi.

Tofautisha mambo mawili. Kuuza wimbo ni kuhamisha haki zote za kiuchumi: huwezi tena kuutumia, kuupa mtu mwingine wala kudai malipo mapya. Kutoa leseni ni sawa na kupangisha chumba. Mpangaji anakitumia kwa masharti, nyumba inabaki yako.

Afrika ina mfano mchungu. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939 mjini Johannesburg, kisha akazikabidhi haki zake kwa malipo madogo sana. Wimbo ule ulizunguka dunia kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight" na ukaingia kwenye filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walifikia maelewano na kampuni husika mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani.

Kuuza moja kwa moja si dhambi. Kituo kinachotaka kiashirio chake kisisikike popote pengine kina haki ya kuomba hivyo. Lakini bei ya kuhamisha haki zote haiwezi kuwa sawa na bei ya ruhusa ya miezi mitatu.

Mambo saba ya kuandika

Mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi unatosha, mradi ujibu maswali haya:

1. Wimbo gani? Andika jina lake, urefu wake na tarehe uliyokamilisha.
2. Nani anapewa ruhusa? Taja kampuni au mtu, si "mteja" tu.
3. Kwa matumizi gani? Redio, televisheni, mitandao ya kijamii, gari la matangazo. Kisichotajwa hakijaruhusiwa.
4. Wapi? Wilaya, mkoa, nchi nzima au dunia nzima.
5. Kwa muda gani? Taja siku ya kuanza na siku ya kwisha, na bei ya kuongeza muda.
6. Peke yake au pamoja na wengine? Ruhusa ya peke yake inakufunga usimpe mwingine, kwa hiyo bei yake iwe juu. Njia ya kati ni kumhakikishia mteja kwamba hutampa mwenzake wa biashara ileile katika eneo lile.
7. Kiasi gani na lini? Weka malipo ya awali kabla ya kuanza kazi, na utaje mwisho wa marekebisho ya bure, kwa mfano mara mbili.

Tuseme duka la dawa Kasulu linataka muziki wa tangazo. Unatoa ruhusa ya miezi mitatu, redio tu, mkoa wa Kigoma, kwa shilingi 80,000. Muda ukiisha, duka linaongeza miezi mitatu kwa 50,000. Wakati huohuo mwenye basi wa Kibondo anaupenda mdundo uleule bila maneno. Unampa leseni yake kwa 60,000. Wimbo mmoja umeleta 190,000 na bado ni wako. Bei hizi ni za mfano tu. Cha kushika ni kwamba pesa ya pili na ya tatu zinapatikana kwa sababu ya karatasi ya kwanza.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapotengenezwa, bila sharti la kuandikishwa kwanza. Ulinzi wa utunzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo kuandikisha kazi COSOTA kunakupa ushahidi wa umiliki, na ugomvi ukitokea ushahidi ndio unaoamua. Wasanii pia husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Kumbuka wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Ukitunga na mwenye studio akarekodi, andikeni mapema nani anamiliki nini. Mpiga gitaa na mwimbaji uliowaalika nao wasaini karatasi ya kukubali malipo yao na matumizi. Mteja mkubwa atakuuliza kama haki zote ziko mikononi mwako, na jibu la "nadhani" linafukuza kazi.

Zaidi ya ada ya leseni kuna mirabaha, malipo yanayotokana na kazi kupigwa hadharani au hewani. Zamani COSOTA yenyewe ndiyo iliyoikusanya. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yalifungua njia kwa taasisi za wasanii kukusanya na kugawa mirabaha chini ya usimamizi wa COSOTA. Mgao unategemea kumbukumbu za vituo. Kwa hiyo kila unapotoa muziki, mpe mtayarishaji jina la wimbo, la mtunzi na muda uliotumika, ili aviandike kwenye orodha ya kipindi.

Ngoma za wazee wetu

Sauti ya Buha, kwa maana ya ngoma, zeze na nyimbo za kazi na harusi, ndiyo mali ambayo maktaba za ng'ambo hazina. Lakini sheria ileile inalinda sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara nje ya mazingira ya kimila yanaweza kuhitaji kibali. Uliza BASATA au ofisa utamaduni wa wilaya kabla ya kurekodi kikundi. Walipe wapigaji na uwaandike majina. Kutunga kitu kipya kwa kufuata mwendo wa jadi ni jambo moja. Kuchukua wimbo wa kijiji mzimamzima na kujiita mtunzi ni jambo jingine.

Kuandaa kazi

Mtayarishaji hana muda. Mpe toleo refu la dakika mbili hivi, na matoleo ya sekunde 60, 30 na 15. Ongeza toleo lisilo na sauti za kuimba, na jingine jepesi lisiloshindana na sauti ya msemaji. Toa faili za WAV. Kwa video, kiwango cha kawaida ni kilohezi 48. MP3 iwe ya kusikilizia tu. Jina la faili liseme jina la wimbo, mtunzi, urefu na kasi.

Epuka vipande vya midundo vilivyopakuliwa bila kusoma masharti yake. Kipande kilekile kinaweza kuwa kwenye nyimbo mia nyingine, na huwezi kumuuzia mtu ruhusa ya peke yake kwa kitu kilichoko kwa wengine.

Wilaya hizi zilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kufika, na umeme bado hukatika. Hifadhi nakala ya pili ya kila mradi nje ya kompyuta yako. Mteja anayerudi baada ya miaka miwili kuomba toleo jipya ni mapato, ikiwa faili bado lipo.

Maktaba za nje

Huduma kama Pond5 ya New York hupokea kazi za watunzi binafsi mtandaoni. Soma mambo matatu kwanza: asilimia unayobaki nayo, kama unafungwa kwao peke yao, na njia ya malipo, maana zipo huduma zinazomruhusu Mtanzania kulipa lakini si kupokea. Fahamu pia kwamba Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mirabaha yenye chanzo cha Marekani kwa kawaida hukatwa asilimia 30 kulekule. Hapa nyumbani nako uwe na TIN. Mashirika mengi hayalipi bila risiti.

Kwa wanaoagiza kazi

Mwenye kituo, shirika au duka naye anafaidika na mkataba. Anajua kwamba hatapigiwa simu na mtu mwingine anayedai wimbo ni wake, na kwamba tangazo lake halitaondolewa mtandaoni katikati ya kampeni. Akiona mtunzi kijana hajaja na karatasi, amwombe ailete.

Mtunzi anayeanza leo afungue daftari lenye safu nne: wimbo, aliyepewa ruhusa, matumizi, na tarehe ya kwisha. Kila mwanzo wa mwezi aangalie safu ya nne na awapigie simu wale ambao muda wao unaisha.