Ufunguo wa chumba cha mashuka: usiku Noronic ilipoteketea

Saa nane na nusu usiku wa kuamkia Septemba 17, 1949, abiria mmoja wa meli Noronic alinusa moshi kwenye ujia wa sitaha ya C. Meli ilikuwa imefunga gati namba 9 mjini Toronto, Kanada, na wengi waliokuwamo walikuwa wamelala. Aliufuata moshi ule hadi kwenye mlango wa chumba kidogo cha kuhifadhia mashuka, akaukuta umefungwa. Akamwita mhudumu. Mhudumu hakupiga king'ora; alikimbia kutafuta ufunguo. Mlango ulipofunguliwa hewa iliingia, na moto ukaruka nje ukajaza ujia wote. Wakashika mpira wa kuzimia moto. Haukutoa maji.

Noronic haikuwa chombo cha kubahatisha. Iliundwa Port Arthur, kando ya Ziwa Superior, ikashushwa majini mwaka 1913. Ilikuwa na urefu wa mita 110 hivi, sitaha tano, ukumbi wa dansi, saluni na nafasi ya abiria wapatao 600. Watu waliiita Malkia wa Maziwa. Kwa zaidi ya miaka 30 ilibeba watalii kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na uzuri wake wote ulikuwa wa mbao: kuta za mbao na dari za mbao, zilizosuguliwa kwa mafuta ya limau msimu baada ya msimu. Hakukuwa na kuta za chuma za kuuzuia moto uliotokea upande mmoja usifike wa pili.

Safari ile ya mwisho wa kiangazi ilianzia Detroit Septemba 14, ikapitia Cleveland kuchukua abiria zaidi. Ndani kulikuwa na abiria 524, wengi wao Wamarekani, na wafanyakazi 171. Jioni walipofika Toronto, wafanyakazi wengi walishuka kwenda mjini. Moto ulipozuka, waliokuwa zamu melini walikuwa 15 tu.

Watu 15 kwa meli nzima yenye mamia ya wageni waliolala! Wageni hao hawakuwahi kuonyeshwa njia ya kutokea, na hakukuwa na mpango wa kuwaamsha chumba kwa chumba. Milango ya kushukia gatini ilikuwa kwenye sitaha ya E, chini kabisa, na ngazi za ndani zilizokwenda huko zikageuka mabomba ya moshi. Honi ya meli ilipolia saa nane na dakika 38, ilikwama ikaendelea kulia bila kukoma. Hadi wakati huo, dakika kama nane tu tangu moshi unuswe, karibu nusu ya meli ilikuwa inawaka.

Watu walishuka kwa kamba, wakaruka gatini, wakajitosa majini. Kibarua mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka zamu yake aliona mwako, akapata chelezo cha wapaka rangi kilichokuwa kikielea karibu, akaanza kuokoa watu majini. Nahodha William Taylor alivunja madirisha na kuwavuta abiria nje. Zimamoto walifika upesi, wakainua ngazi ndefu hadi sitaha ya B. Abiria wakaikimbilia wote kwa pamoja; ngazi ikakatika katikati, waliokuwa juu yake wakaanguka ziwani. Maji yaliyomiminwa melini yalikuwa mengi kiasi cha kuiinamisha upande, kisha ikazama hadi chini kwenye maji ya kina kifupi ya bandari, sitaha za juu zikibaki nje.

Idadi ya waliokufa hutajwa kuwa kati ya 118 na 139. Miili ilipelekwa kwenye jengo la maonyesho ya kilimo cha bustani, na kwa sababu ya kuungua vibaya, wataalamu walilazimika kulinganisha picha za eksirei za meno na za mifupa. Kazi hiyo iliwafungulia njia wachunguzi wa maafa mengine baadaye.

Chanzo cha moto hakikuthibitishwa. Wengi walishuku sigara. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Kellock uliilaumu kampuni, Canada Steamship Lines, pamoja na nahodha, kwa kukosa tahadhari, na leseni ya Taylor ikasimamishwa kwa mwaka mmoja. Naona kampuni ndiyo iliyostahili uzito mkubwa zaidi, kwani onyo ilikuwa nalo. Mwaka 1945 meli yake nyingine, Hamonic, iliteketea Point Edward, moto ukitokea kwenye ghala la gatini. Karibu wote walinusurika, baadhi wakiinuliwa kwa ndoo ya winchi ya makaa ya mawe. Miaka minne baadaye, Noronic ilikuwa bado ile ile.

Sheria nazo zilichangia. Baada ya meli ya abiria Morro Castle kuungua mwaka 1934, Marekani ilibana masharti ya moto, lakini meli kongwe za Kanada hazikuguswa. Baada ya Noronic, Kanada ilizibana meli hizo. Wamiliki wengi waliona gharama za kuzifanyia ukarabati hazilipi, wakaziacha. Lakini meli moja kongwe, Keewatin, iliyojengwa mwaka 1907, iliendelea kubeba abiria hadi 1965. Leo ni makumbusho mjini Kingston, Ontario.