Kujitaja

Kiswahili kina vitenzi tele vya kumtoa mtu hadharani bila ridhaa yake: kumfichua, kumuumbua, kumwanika. Oktoba 2010 gazeti la Rolling Stone la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu liliowaita mashoga, likataka wanyongwe. David Kato, mmoja wao, alilishtaki pamoja na wenzake, wakashinda Januari 2011. Kabla mwezi huo haujaisha, aliuawa nyumbani kwake.

Tendo la kinyume, la mtu kusema mwenyewe alivyo, bado tunalitafutia neno. “Kutoka kabatini” ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. “Kujitangaza” ni neno la wenye maduka, tena hutumiwa na wanaolaumu. “Kujitokeza” ni kuitikia wito, na hapa hakuna aliyeita. Mimi nachagua kujitaja, kwa sababu ya hiyo -ji-: mtajaji na mtajwa ni mtu mmoja.

Huko Masara, kwenye ukanda wa dhahabu wa Migori nchini Kenya, wazo hili si geni. Mtoto wa Kijaluo hupewa jina kwa hali aliyozaliwa nayo: Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua. Hakuulizwa. Lakini akishakuwa mtu mzima, ngoma ya ohangla inapochezwa, anaweza kutoa pesa, muziki ukatulia, naye akajitaja kwa majina aliyojichagulia mbele ya watu wote. Kwa Dholuo huitwa pakruok, na -ruok hiyo hufanya kazi ya -ji- yetu.

Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alijitaja Januari 2014, akitimiza miaka 43, kwa insha aliyomwandikia mama yake, aliyekuwa amefariki mwaka 2000. Alichopata nakiona wazi: tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtisha kwa siri yake. Wangapi hutozwa pesa mwezi baada ya mwezi ili wasitajwe! Na neno lenyewe hubadilika likishikwa na mwenyewe. Shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa upendo, liligeuzwa tusi la wanaume. Wapo wanaolirudishia heshima yake kwa kujiita hivyo.

Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, chenye kifungo cha miaka 14, huhukumu tendo la ngono. Hakikatazi mtu kusema alivyo. Mahakama Kuu ilikiacha kisimame tarehe 24 Mei 2019, siku tatu baada ya Binyavanga kufariki. Lakini mwanaharakati Eric Gitari alipokataliwa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji kwa sababu ya maneno yaliyokuwa ndani ya jina la shirika hilo, alipigania jina hilo hadi Mahakama ya Juu, nayo ikampa haki tarehe 24 Februari 2023.

Si kila mtu Masara anaweza kujitaja leo, na asiyeweza asisukumwe. Ila mwanao, nduguyo au jirani yako akijitaja kwako, msikilize, wala usimtaje kwa mwingine.