Neno "dai"
Lori likikugonga kwa nyuma pale Mahoko, Kanama, kwenye barabara ya Musanze kwenda Rubavu nchini Rwanda, kosa si lako. Lakini katika bima "dai" halipimi kosa. Ni ombi la kulipwa tu. Ukidai kwa kampuni ya bima ya mwenye lori, malipo yatatoka kwenye bima yake ya lazima, ile Watanzania wanayoiita bima ndogo. Ukidai kwenye bima kubwa yako, inayofidia gari lako pia, kampuni yako hulipa kwanza, kisha humfuata mkosaji. Mpaka irejeshewe, punguzo la asiyedai laweza kukatika na ada ikapanda, ingawa hukukosa. Hilo linaniuma. Pata ripoti ya polisi na namba ya bima ya lori; likitoka Goma, ng'ambo ya mpaka, ulizia kadi ya njano ya COMESA, bima ya magari yanayovuka mipaka.