Kubadili Diski

Mwaka 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa mashine yake ya kwanza yenye diski za kuhifadhia hesabu, sahani 50, kila moja na upana wa futi mbili, zilizunguka ndani ya kabati kubwa, na hazina yote ile ilibeba herufi milioni 5 tu. Kwetu Tanzania, Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965. Kisha mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa mashine hizo, amri iliyokuwa na sababu zake, lakini ambayo, kwa rai yangu, ilituchelewesha mno.

Leo mfanyabiashara wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyezoea daftari la karatasi, aweza kuifungua mwenyewe kompyuta yake ya mapajani iliyozeeka: aizime, achomoe betri, alegeze skrubu ndogo, atoe diski ya kuzunguka, na mahali pake atie diski ya SSD, isiyo na kitu kizungukacho wala kiliacho. Wenyeji wa ziwa hawatastaajabu, kwani hata Liemba, meli ya Wajerumani iliyopita Ikola miaka mingi, ilivuliwa injini ya mvuke katika miaka ya 1970 ikatiwa ya dizeli, na bodi likabaki lile lile.

Ila nakusihi, msomaji: kabla ya kugusa skrubu, nakili hesabu zako zote mahali pengine, na diski kuukuu usiiuze ingali na siri za wateja.