Baiskeli na barabara ilizorithi: Historia ya njia za mabonde ya mito nchini Ufaransa

Njia zinazopendwa zaidi na waendesha baiskeli vijijini Ufaransa hufuata maji: mito ya Loire, Lot, Dordogne, Rhône na Seine, pamoja na mifereji ya zamani ya usafirishaji. Nyingi kati yake hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Kuna zilizokuwa barabara za wakulima kupeleka mazao sokoni, kuna zilizokuwa matuta ya kuzuia mafuriko, nyingine zilikanyagwa na farasi waliokokota mashua, na nyingine zilikuwa reli. Kila kazi ya kwanza ilipopungua au kukoma, baiskeli ilirithi njia iliyobaki.

Barabara kabla ya baiskeli

Katika karne ya 18 barabara kuu za Ufaransa zilisifika Ulaya nzima. Zilisimamiwa na Ponts et Chaussées, idara ya wahandisi wa serikali iliyoundwa mwaka 1716. Hata hivyo, barabara hizo ziliunganisha Paris na miji mikubwa. Aliyetoka kijiji kimoja kwenda kingine aliendelea kupita kwenye matope. Sheria ya tarehe 21 Mei 1836 ndiyo iliyobadili hali hiyo. Iliziwajibisha halmashauri za vijiji na miji kutunza barabara zao, na kuziruhusu kuwadai wakazi kazi ya mikono hadi siku 3 kwa mwaka, wakija na mikokoteni na wanyama wao. Miongo iliyofuata ilizaa mtandao mnene wa barabara nyembamba uliofika karibu kila kijiji. Bila mtandao huo, utalii wa baiskeli wa Ufaransa usingekuwepo kwa sura yake ya leo.

Mabondeni, barabara hizo zilikuwa na sifa mbili zilizokuja kumfaa mwendesha baiskeli. Kwanza, mto hushuka kwa mteremko mdogo, na barabara inayoufuata hushuka nao. Pili, vijiji vilijengwa karibu karibu, juu kidogo ya kiwango cha mafuriko, mahali penye kivuko au daraja. Anayefuata mto hupata mkate, maji na kivuli kila baada ya kilomita chache. Katika bonde la Lot na la kijito chake Célé, barabara imebanwa kati ya maji na majabali ya chokaa, na hapa na pale hupita chini ya miamba iliyoning'inia, huku kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie kikiutazama mto kutoka juu ya genge.

Loire, mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa wenye takriban kilomita 1,000, una urithi wa namna yake. Tangu karne ya 12, wakati wa Mfalme Henry II wa Uingereza aliyekuwa pia mtawala wa Anjou, wakazi walijenga matuta ya udongo kuukinga uwanda wa mashamba. Matuta hayo yaliongezwa urefu na kimo kizazi baada ya kizazi, lakini mafuriko makubwa ya miaka ya 1846, 1856 na 1866 bado yaliyavunja. Juu ya migongo yao zilipitishwa barabara, na hizo ndizo zinazompa mwendesha baiskeli wa leo mto upande mmoja na mashamba upande wa pili.

Gurudumu laingia mashambani

Katika miaka ya 1860 karakana ya Pierre Michaux jijini Paris ilianza kuuza chombo chenye pedali kwenye gurudumu la mbele. Tarehe 7 Novemba 1869 yalifanyika mashindano kutoka Paris hadi Rouen, mji wa bonde la Seine, umbali wa kilomita 123. James Moore, Mwingereza aliyeishi Ufaransa, alishinda baada ya zaidi ya saa 10. Mwaka uliofuata vita na Prussia vikakatiza shughuli hizo.

Safari ndefu za vijijini ziliwezekana kwa watu wa kawaida baada ya mambo matatu kukutana. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili tairi lake la upepo. Mwaka 1891 kampuni ya Michelin ikaleta tairi linaloweza kuvuliwa na kuzibwa njiani, na mwaka huohuo Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya Paris–Brest–Paris, yenye takriban kilomita 1,200.

Mwaka 1890 ilikuwa imeundwa Touring Club de France, chama kilichowahimiza wanachama kuijua nchi yao kwa baiskeli. Kilisimika vibao vya kuonya kuhusu miteremko mikali, kikadai barabara bora, na kikazishinikiza hoteli za mashambani zisafishe vyumba na vyoo. Vijiji ambavyo reli ilivipita kando vilianza tena kupokea wageni.

Mjini Saint-Étienne, kati ya mabonde ya Loire na Rhône, Paul de Vivie aliupa utalii huu fikra zake. Alizaliwa mwaka 1853, akaacha biashara ya hariri akafungua duka la baiskeli, na mwaka 1887 akaanzisha jarida lililokuja kujulikana kama Le Cycliste, akitumia jina la Vélocio. Alifundisha kwamba msafiri ale kabla ya kuona njaa, anywe kabla ya kuona kiu, apumzike kwa muda mfupi, wala asiendeshe kwa ajili ya kujionyesha. Alitetea pia baiskeli yenye gia kadhaa, kwa sababu atokaye bondeni hana budi kupanda. Waandaaji wa Tour de France waliukataa mtambo wa kubadili gia hadi mwaka 1937, miaka 7 baada ya kifo chake, ilhali watalii walikuwa wameutumia kwa muda mrefu.

Tour de France yenyewe ilianza Julai 1903, ikiandaliwa na gazeti la L'Auto chini ya Henri Desgrange. Hatua zilikuwa 6 na umbali kilomita 2,428. Hatua ya pili, kutoka Lyon hadi Marseille, ilishuka bonde la Rhône. Ya nne, kutoka Toulouse hadi Bordeaux, ilielekea upande ule ule unakotiririka mto Garonne. Kila Julai magazeti yaliwasimulia Wafaransa mito, vijiji na milima ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Fursa ya kwenda kuiona ilipanuka mwaka 1936. Serikali ya Front Populaire ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi likizo ya wiki 2 yenye malipo. Wafanyakazi wengi wa viwandani walitoka mijini kwa baiskeli, wengine wawili wawili kwenye baiskeli moja ya viti viwili, wakibeba mahema kwenye keria au wakilala katika hosteli za vijana. Safari ya mashambani haikuwa tena anasa ya wenye mali.

Kutoka reli hadi njia ya kijani

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia magari yaliongezeka haraka, na barabara kuu za mabonde makubwa zikajaa malori. Waendesha baiskeli walihamia kwenye barabara ndogo za wilaya, zile zinazochorwa kwa njano na nyeupe katika ramani za Michelin. Wakati huohuo njia nyingine zilikuwa zikibaki tupu. Mashua zilipofungwa injini, njia za kukokotea mashua kando ya mifereji zilikosa farasi. Hali ilikuwa hivyo kwenye Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 ulioanzishwa na Pierre-Paul Riquet na kuchimbwa kati ya 1666 na 1681, na kwenye mfereji wa Burgundy uliokamilika mwaka 1832. Reli ndogo za mashambani nazo zilifungwa moja baada ya nyingine.

Mwaka 1997, katika wilaya ya Saône-et-Loire, reli ya zamani kati ya Givry na Cluny iliwekwa lami na kufunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Ilikuwa njia ya kwanza ya aina hiyo kuitwa rasmi njia ya kijani nchini. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia iliyorithiwa kutoka kwake inamfaa hata mtoto au mzee. Mwaka 1998 serikali ilipitisha mpango wa kitaifa wa njia za baiskeli, ukitofautisha njia za kijani, zisizoruhusu magari, na njia ndefu za baiskeli zinazoweza kutumia pia barabara zenye magari machache.

Mfano mkubwa wa aina hiyo ya pili ni La Loire à Vélo, mradi wa mikoa miwili uliobuniwa katikati ya miaka ya 1990. Una takriban kilomita 900 kutoka eneo la Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye Bahari ya Atlantiki, nao hupitia Blois, Amboise, Saumur na Candes-Saint-Martin, mahali mto Vienne unapoingia Loire. Sehemu kubwa ni sehemu ya EuroVelo 6, njia inayoelekea hadi Bahari Nyeusi. Bonde la Rhône nalo lina ViaRhôna, yenye kilomita 815 kutoka Ziwa Geneva hadi Mediterania.

Njia hizi zimeleta kipato vijijini. Alama ya Accueil Vélo hupewa nyumba za wageni na huduma nyingine zilizo karibu na njia na zilizojiandaa kupokea waendesha baiskeli, kwa mfano kwa kuwa na mahali salama pa kuweka baiskeli na vifaa vya matengenezo. Sheria ya barabarani nayo inamtaka dereva wa gari aache nafasi ya mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli nje ya mji, jambo muhimu sana kwenye barabara nyembamba za mabondeni.

Urithi huu unadai kazi ya kudumu. Mafuriko huzamisha vipande vya njia, na mizizi ya miti hupasua lami. Kando ya Canal du Midi, ugonjwa wa fangasi uliogunduliwa mwaka 2006 umelazimisha kukatwa kwa maelfu ya miti ya platani iliyotia njia kivuli, na miti ya aina nyingine inapandwa mahali pake. Gharama za matunzo hubebwa na halmashauri, wilaya na mikoa, na uhai wa njia hizi unategemea utayari wao wa kuendelea kuzigharimia.