Rubani wa Rufiji na Mizinga Iliyosalia

Kazi kubwa ya kwanza ya ndege za kivita katika Afrika Mashariki ilikuwa kutazama. Wanajeshi na askari polisi wanaosikiliza katika kambi za Jinja, Mbale na kwingineko wana haki ya kujua jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, na gharama yake ilimwangukia nani.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji. Mikoko iliisitiri, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia katika maji yale machache. Rubani H. D. Cutler aliiona kutoka angani, lakini Desemba 1914 alilazimika kushuka, akatekwa.

Mwaka 1915 kazi hiyo ilikabidhiwa John Tulloch Cull, ofisa wa anga katika jeshi la majini la Uingereza. Ndege zake za kwanza zilishindwa na joto la pwani, hata kupanda juu vya kutosha hazikuweza. Zilipoletwa nyingine, kiwanja kikatengenezwa kisiwani Mafia. Tarehe 6 Julai, manowari ndogo Severn na Mersey zilipiga kwa pamoja, na walio angani wakashindwa kupambanua kombora la meli hii na la ile. Jaribio likaanguka.

Tarehe 11 Julai meli zilipiga kwa zamu. Cull aliendesha ndege, na mwenzake H. J. Arnold akapeleka taarifa kwa simu ya upepo. Injini ikapigwa, ndege ikaanza kushuka. Arnold hakuacha kazi: aliarifu kwamba makombora yanaangukia upande wa mbele, basi yaelekezwe katikati. Ndege ilitua mtoni, ikapinduka, na wote wawili wakaokolewa. Königsberg ikawaka moto. Nahodha Max Looff akaamuru ilipuliwe. Marubani hao walitunukiwa nishani ya DSO.

Lakini Waingereza hawakuikalia delta ile. Wajerumani wakaopoa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitumia nchi kavu. Mmoja ulifungwa katika meli Graf von Götzen huko Kigoma. Mwingine umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa. Waliokabiliana na mizinga hiyo ni askari wa miguu, na nyuma yao wapagazi wengi waliokufa kwa maradhi na njaa. Kikosi cha 4 cha King's African Rifles kutoka Uganda, ambacho Jinja ilikuja kuwa makao yake, kilipigana katika vita hiyo hiyo.

Cull na Arnold walitimiza wajibu wao hadi taarifa ya mwisho. Waliowatuma hawakuutimiza wao. Silaha ya adui isiyokusanywa leo humngoja askari mwingine kesho.