Matufaha, Mabua na Matawi: Chimbuko la Mapambo ya Krismasi ya Ujerumani

Mapambo ya Krismasi yanayouzwa madukani leo yana asili yake katika ghala la chakula na shamba la mkulima wa Ulaya ya kati. Katika nchi za Kijerumani, ambako Desemba ni kipindi cha baridi kali na miti mingi huwa imepukutika, familia zilipamba nyumba kwa matawi ya misonobari, ambayo hubaki kijani mwaka mzima, pamoja na mazao yaliyowekwa akiba tangu mavuno.

Maelezo ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg, mji ambao sasa umo Ufaransa, yanataja misonobari iliyosimamishwa sebuleni na kutundikwa matufaha, mikate myembamba isiyotiwa chachu, vitu vya sukari na mawaridi ya karatasi za rangi. Wanahistoria wengi huyahusisha matufaha hayo na maigizo ya kanisa kuhusu Adamu na Hawa, ambao kumbukumbu yao iliadhimishwa tarehe 24 Desemba. Mti wa namna hiyo ulikuwa pambo na karamu kwa pamoja, kwa kuwa sikukuu zilipomalizika watoto waliruhusiwa kuyachuma na kuyala yaliyotundikwa.

Mabua ya nafaka nayo yalikuwa na nafasi yake, kwani yalikumbusha hori alimolazwa Yesu na hayakumgharimu mkulima chochote. Ili kutengeneza nyota, mabua hulowekwa majini mpaka yalainike, hupasuliwa kwa urefu na kupigwa pasi yawe bapa, kisha hupishanishwa katikati na kukazwa kwa uzi, na mwishowe ncha zake hukatwa kwa mkasi. Nchini Finland mabua hayapasuliwi, bali hukatwa vipande na kupitishwa uzi ndani yake hadi yawe pambo la pembe nyingi liitwalo himmeli, ambalo huning'inizwa juu ya meza.

Shada la Majilio, yaani duara lenye mishumaa ya majuma manne yanayotangulia Krismasi, lilianza Hamburg mwaka 1839. Mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini katika makao ya Rauhes Haus, aliweka mishumaa juu ya gurudumu la mbao, mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili na midogo kwa siku za kawaida, ili watoto wahesabu siku zilizosalia. Matawi ya msonobari yaliongezwa baadaye.

Katika karne hiyohiyo ya 19, mafundi wa kupuliza kioo wa kijiji cha Lauscha, Thuringia, walianza kutengeneza mapambo yaliyoiga umbo la matunda na jozi. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti wa Krismasi, jambo lililoieneza desturi hiyo Uingereza na ng'ambo, na kabla ya karne kwisha, kioo cha Lauscha kilikuwa kikiuzwa hata Marekani.

Kwa hiyo, si sahihi kuyaona mapambo ya matawi, mabua na matunda kuwa mbadala wa asiye na fedha. Hayo ndiyo ya asili, na ya kiwandani ndiyo yaliyoiga. Anayepamba kanisa la pwani ya Afrika Mashariki kwa makuti mabichi ya mnazi hufuata kanuni ileile ya kutumia kinachoota karibu naye.